Banda la Kuku la Mtu wa Ziwani

Jino langu la kwanza kung'olewa na mtu mwingine liling'olewa Kigonsera, kwa masista, na sikulia. Nasema sikulia kwa sababu dada zangu walitangazia kijiji kizima kwamba nililia, na wote wamekwisha kufa sasa, basi hakuna wa kunibishia. Mama alinitoa nyumbani alfajiri, shavu limevimba kama nimeficha kiazi, naye kichwani kabeba tenga dogo lenye tetea mweusi. Mama aliamini kwamba mtu haendi kumfumbulia mgeni mdomo akiwa mikono mitupu. Ulikuwa mwezi wa saba, na wanaokijua kipupwe cha kwetu wanajua ninachosema: ukungu umelala njiani kama mlevi, hautaki kuamka, na nyasi zikikugusa mguu ni kama umeguswa na kisu. Nilitetemeka mpaka lile jino bovu likawa linagonga wenzake. Mama akasimama, akamtoa tetea kwenye tenga, akanifunga naye tumboni ndani ya kitenge, akasema, "Tembea. Atakupasha." Na kweli alinipasha. Nilitembea na moyo wa kuku ukinipiga juu ya kitovu, jino nikalisahau. Tulipofika, sista alipomwona kuku anachomoza kichwa kwenye nguo yangu alicheka hadi akakaa chini. Alisema alidhani nimeletwa kwa ajili ya tumbo.

Sasa mtu atauliza, jino na tetea vinamhusu nini Gaudensi, yule mtu wa ziwani. Ngoja. Nataka tu ieleweke kwamba kwetu Mpepai kuku hakuwa kitu cha nje. Alilala jikoni na sisi, juu ya kuni zilizopangwa kukauka, wengine nyuma ya mafiga, wengine wanakutagia kwenye ungo ukisahau kuutundika. Jiko letu lilikuwa jeusi kwa moshi, na ukiingia asubuhi ulikutana na harufu tatu kwa pamoja, ya maharage ya jana, ya majivu na ya mavi ya kuku, na mimi mpaka leo nikizinusa pamoja naona kama Mama yuko nyuma yangu. Kisha akaja bwana afya na pikipiki yake. Akasema kuku watoke jikoni, watu wanakohoa kwa sababu yao, na akirudi akakuta nyumba ina kuku ndani mwenye nyumba atamweleza. Huenda alisema kweli. Mama alikuwa anakohoa. Lakini bwana afya aliwatoa kuku kabla tu ya kipupwe, akaondoka na pikipiki yake, hakutuambia tuwaweke wapi. Milima mizima kuku walianza kufa.

Mwaka huu mjukuu wangu Hyasinta, anayekaa Mbinga mjini nyuma ya soko, ameleta vifaranga vya chotara kwenye boksi, akaniita anioneshe banda alilojengewa na fundi. Zuri, la mabati, limezibwa kila upande. Nikamwambia atoboe juu, chini ya paa, pande mbili. "Bibi, baridi itaingia." Nikamwambia iache iingie, ipite juu ya vichwa vyao na kutoka, isiwapige mwilini tu. "Nani alikufundisha?" Nikamwambia ni mambo ya zamani. Nilipotoka hapo nikapita kwa yule mama anayeuza usipa, mtu wa kule Mbamba Bay, tumezoeana, huwa namuuliza habari za ziwani kama mtu anavyouliza hali ya mvua. Ananipimia dagaa wake huku akisema, mama, mwezi uliopita tumemzika mzee mmoja, mtu mwema sana, alikuwa anajua kuku huyo, sijui kama unamfahamu, Gaudensi. Nikasema nadhani nilipata kumsikia. Nikachukua usipa wangu. Nimemzika mume wangu, baba wa watoto wangu wote, miaka mingi imepita, na sina neno baya juu yake. Lakini usipa ule sikuupika. Uliharibika pale pale juu ya meza.

Gaudensi alikuja kwetu na usipa mgongoni, kwenye mfuko wa magome, akipandia njia ya Tingi, akabadilisha kwa mahindi na maharage. Alikuwa mrefu, mweusi sana, amevaa mashati mawili moja juu ya lingine, na bado meno yanagongana. Jambo la kwanza nililomsikia akisema lilikuwa, "Huku kwenu hata jua linavaa sweta." Mama akacheka, akamkaribisha kwenye moto. Kahawa ilikuwa imeiva, Baba alihitaji mikono, basi akabaki kuchuma, akalala kwenye kibanda cha kuhifadhia kahawa. Tuliongea Kiswahili, maana Kimatengo hakukijua, na Kinyasa chake sisi tulikicheka. Aliuliza ugali wa muhogo. Mama akamwambia, "Muhogo kwetu anakula mgonjwa na nguruwe. Wewe ni yupi?" Akajibu, "Mama, nipe tu, nitajua baada ya kushiba." Ndivyo alivyokuwa. Na mimi nilikuwa msichana mkubwa, niliishia darasa la pili, kazi yangu kuchota maji na kusikiliza. Nilisikiliza sana. Kahawa ilipokwisha alikuwa bado yupo, mvua zikaja zikaisha yupo, na kila mtu alijua anakaa kwa ajili ya nani.

Siku aliyozungumza na Baba nilikuwa jikoni napepeta, na ukuta kati ya jiko na baraza ulikuwa wa matete, mtu akikohoa kule unamwitikia huku. Baba alisema, "Watu wa ziwani nawajua. Kahawa ikiiva mnakuja, ikiisha mnakumbuka mna mitumbwi."

"Mimi mtumbwi sina, Baba."

"Ndiyo vibaya zaidi. Mtu wa ziwani asiye na mtumbwi ni kama Mmatengo asiye na jembe. Nikupe binti, umpeleke kwenye joto lile akafe?"

"Nitakaa hapa."

Nikamsikia Baba akipiga kiko chake kwenye gogo. Kisha akasema maneno ambayo niliyashika moja moja: "Kuku wa mama yake Truda wametolewa nje na wanakufa. Wachukue wewe. Ukiwafikisha mwezi wa tisa wakiwa wazima, hapa nje, nitaita wazee tule. Mtu akiweza kumvusha kuku kipupwe cha hapa, hata binti yangu atamvusha." Nikamwangalia Mama. Mama alikuwa anatabasamu kwenye sufuria. Nami nilifurahi, nilidhani ni jambo rahisi. Kuku ni nini?

Alijenga banda kama walivyojenga kwao. Kwao ziwani kinachoua kuku ni joto, na nyoka, basi banda linasimama juu ya miguu mirefu, sakafu ni fito za mianzi zenye nafasi ili mavi yadondoke na upepo upande, kuta ni matete yaliyoachana. Alilifunga kwa kamba za magome, kazi safi, kila fundo kama la nywele za bibi harusi. Majirani wakaja kuangalia. Mzee Otmari, jirani yetu wa juu, aliyekuwa hana jambo asilolitania, alilizunguka akasema, "Kijana, hili dungu la kufukuzia ngedere ni zuri sana. Kuku utawaweka wapi?" Watu wakacheka, Gaudensi naye akacheka. Halafu upepo wa mwezi wa sita ukaja kutoka mlimani. Ulipita chini ya sakafu, ukapandia kwenye matumbo ya kuku. Kila asubuhi tulimkuta aliyekufa amekaa vile vile, ameficha kichwa, ukimgusa ni jiwe. Vifaranga ndio waliotangulia. Watu wakasema ni mdondo. Mama akasema mdondo gani, kuku wa mdondo anazungusha shingo, hawa wanakufa wamekaa kwa adabu.

Hapo Baba akaingia mwenyewe, na mimi nikikumbuka siku hizo nasema kwamba kama dunia ingesimama pale ingetutosha. Baba alikuja na jembe begani, akamwambia Gaudensi, "Weka huo mchezo wako chini. Huku kwetu kitu kinachotaka kuishi tunakichimbia." Akamfundisha ngoro. Ngoro, kwa asiyeijua, ni mashimo tunayochimba mteremkoni: nyasi zinakatwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana kama wavu, zinafukiwa udongo, mahindi yanapandwa juu ya kingo, na shimo la katikati linashika maji yasikimbilie bondeni. Wakachimba moja kubwa nyuma ya nyumba, wakaingia ndani ya mlima. Wakaweka nyasi na udongo kuta nzima, paa likawa chini chini, juu yake udongo tena, mlango mdogo kama mdomo wa mtungi. Baba alikuwa anaimba. Nilikuwa sijawahi kumsikia Baba akiimba nje ya kanisa. Alimsimulia Gaudensi habari ambazo sisi wanawe hatukuzijua, jinsi alivyopotea msituni akiwa kijana, jinsi alivyomwogopa mama mkwe wake. Mchana niliwapelekea viazi, wakala kutoka sahani moja, mikono yote imejaa udongo, huwezi kujua upi wa nani. Mimi nilipewa kazi ya kuziba nyufa kwa tope. Baba akasema, "Ziba, Truda, hata sisimizi asipite." Nikaziba.

Shimo linashika maji. Nimeliandika sasa hivi kwa mkono wangu na naona lilivyo wazi. Sisi tumezaliwa ndani ya ngoro, tunajua kazi yake kabla ya kujua sala, na hakuna aliyefikiri. Mwanzoni kuku walipata joto, Baba akatembea kijijini kifua mbele. Baadaye ukungu ukawa haupandi tena, manyunyu mchana kutwa, na maji yakaanza kutafuta lile shimo kama yanavyotafuta mashimo yote. Chini pakawa tope. Na juu, pumzi za kuku wenyewe, kwa vile hazikuwa na pa kutokea, zikageuka matone, zikawadondokea migongoni. Asubuhi moja Mama alifungua mlango, akarudi nyuma anafuta macho. Harufu ilikuwa kali, inachoma kama kitunguu. Ndani walikuwa wamelala mmoja juu ya mwenzake, vilemba vimekuwa vyeusi, walio hai wanakoroma, macho yamevimba. Mama akawa anawatoa mmoja mmoja, akiwaita kwa majina aliyowapa. Baba alisimama, akatazama, akachukua jembe lake, akaenda shambani bila kunywa uji.

Jumapili ile, baada ya misa, mimi na Gaudensi tulikuwa tunarudi na kuni, tukapita nyuma ya nyumba ya Mzee Otmari, wanaume wanakunywa pombe. Sauti ya Baba niliijua kabla sijayajua maneno. "Mtu wa ziwani," alikuwa anasema, "kachimba shimo. Nimemwambia, kijana, shimo lina maji. Hasikii. Kaniulia kuku wa mke wangu." Watu wakasikitika. Mzee Otmari akasema, "Samaki huyo, anataka kila kitu kiishi majini." Kicheko kikubwa. Nikamgeukia Gaudensi. Alikuwa ameweka gogo lake chini. Akalipandisha tena begani. "Twende, Truda. Kuni zinalowa."

Nilimwuliza njiani, kwa nini hakuingia akasema. Akaniambia, "Baba yako ni mzee, na ana aibu. Mwache. Yeye akisema, ni neno lake. Mimi sijalisema." Nilifikiri ananituliza tu. Nilikuwa na hasira na Baba kwa siku kadhaa, kisha ikapita, kama hasira ya mtoto kwa mzazi inavyopita. Sikuyapa uzito yale maneno. Nimekaa nayo tangu siku ya usipa, nayageuza huku na huku, na naona kwamba mtu yule alikuwa amenionesha mpaka wake, na amenionesha kwa upole sana.

Waliobaki hai walikuwa wachache, wa kubebeka kwenye matenga mawili. Baba alisema waliobaki bado ni kuku, neno lake linasimama, nami nikamshukuru Mungu. Kumbe kulikuwa na tetea mmoja wa kijivu aliyekuwa ametoroka tangu siku za dungu. Gaudensi alimkuta kwenye kibanda cha kahawa, anapolala yeye mwenyewe. Anadandia boriti juu, kibanda kina uwazi mkubwa chini ya paa, baridi imejaa humo ndani hadi Gaudensi anajifunika magunia, na tetea yule mnene, kilemba chekundu, anataga. Akaniita nimwone. "Mwangalie huyu. Huyu ana koti lake tayari. Baridi haimwezi. Koti likilowa ndipo baridi inamla, na upepo ukilifunua." Hakusema zaidi. Alianza kufyatua matofali.

Banda la tatu alilijenga polepole, na halikuwa la ziwani wala la mlimani. Alilipandisha juu ya mawe, pahali pa kukauka, mlango ukitazama jua la asubuhi. Kuta za matofali mpaka kifuani mwa mtu, bila ufa hata mmoja upande wa upepo, kisha uwazi chini ya paa nene la nyasi, ili pumzi zipande na kutoka. Fito za kulalia alizichonga bapa, pana kama kiganja, kuku akikaa tumbo lake linafunika vidole vyake. Sakafuni alimwaga makapi makavu ya kahawa na maganda ya mahindi, akawa anayageuza kwa uma, na yaliyolowa anayatupa kwenye migomba. Maji ya kunywa aliyatoa kila jioni. Mama alishika makapi yale, akayasugua mkononi, akasema, "Makavu kuliko kitanda changu." Mzee Otmari naye alikuja, akachungulia, akatafuta la kutania, akakosa. Alisema tu, "Umetuzidi," akaondoka, na mwezi uliofuata tukaona na yeye anafyatua matofali. Kipupwe kikaendelea. Umande uliganda juu ya majani ya maharage. Hakuna kuku aliyekufa. Tetea wawili wakaatamia, na mwezi wa tisa, jua lilipoanza kuuma tena, ua wetu ulikuwa na vifaranga wanakimbiana kati ya miguu ya watu.

Baba akaita wazee, kama alivyoahidi. Mama alitandika mikeka mipya barazani. Tulipika jogoo wawili, ugali mweupe, maharage yenye karanga, na kwa heshima ya mgeni Mama alipika na ugali wa muhogo, mdogo, akauweka pembeni akisema huu ni wa mgonjwa. Gaudensi alicheka, alikuwa amevaa shati moja tu, jeupe, alilonyooshewa na Mama. Nilipiga magoti nikawanawisha wazee mmoja mmoja, na nilipofika kwake hakuniangalia, wala mimi sikumwangalia, ndivyo inavyotakiwa, lakini vidole vyake vilitulia kwenye maji muda mrefu kuliko vya wengine. Walikula. Katikati ya chakula Baba alichukua firigisi kwa mkono wake, akaiweka mbele ya Gaudensi. Wazee wakaguna kwa kukubali. Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni, na niliona jambo langu limekwisha, limekwisha vizuri.

Baba akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri siku zote. Alieleza habari za dungu, wakacheka. Akaeleza habari za shimo, jinsi mtu wa ziwani alivyochimba bila kusikia la mkuu. Kisha jinsi yeye, Baba, alivyomwita akamwambia, kijana, inua nyumba juu ya mawe, acha pumzi zitoke. Alipofika hapo akamgeukia. "Sema na wewe, mkwe wangu, wazee wasikie. Lile wazo la shimo lilikuwa la nani, na hili zuri la nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mkwe. Nilimwona Gaudensi akilipokea lile neno. Kisha akasema kwa sauti ya adabu, "Lile la shimo tulichimba wote, Baba."

Baba akacheka. "Sikuuliza nani alishika jembe. Nimeuliza lilikuwa la nani."

Mzee Otmari, mwenyewe mtu wa utani, akamwambia Baba, "Mzee Kasiani, chakula kinapoa." Baba hakumwangalia. Alikuwa anamtazama Gaudensi, na usoni mwake, mimi niliyemjua, hapakuwa na ubaya. Palikuwa na kuomba. Neno moja tu, na mimi ningekuwa mke wa mtu jioni ile.

"Truda," Gaudensi akasema, "niletee maji."

Nikapiga magoti mbele yake, nikamimina. Alinawa mikono yote miwili, ule wa kulia uliokula na ule wa kushoto ambao haukugusa kitu. Alinawa mpaka kwenye vifundo. Firigisi ilikuwa pale pale mbele yake. Akasimama, akasema, "Asanteni kwa chakula, wazee. Asante, Mama." Akavaa viatu vyake. Alipopita uani kuku walimkimbilia, wakidhani ana pumba, wakamfuata mpaka kwenye mianzi, wakaona mikono mitupu, wakarudi kuparua. Akashika njia ya Tingi, anateremka, shati jeupe linaonekana, linazama nyuma ya kingo za ngoro, linaonekana tena chini zaidi.

Baba akasema, "Amekwenda kunyoosha miguu. Kuleni."

Wakala. Nilibaki na beseni mkononi, natazama njia, mpaka Mama akaja akalichukua, akamwaga yale maji.